Je, Wajua? Transfoma ya Redio Kuukuu Bado Ina Kazi

Transfoma ya spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu ya valvu huweza kuendesha spika ya amplifaya mpya ya valvu. Kwa mfano, valvu ya EL84 huhitaji mzigo wa omu 5,000 hivi. Spika huweza kuwa na omu 4 tu. Transfoma huzipatanisha kwa mizunguko ya waya: takriban 35 upande wa valvu kwa kila 1 upande wa spika. Ndiyo maana volti 1 ya mkondo geu ikitiwa upande wa spika, upande wa pili hutoa volti 35. Vidole vikae mbali!

Kwenye amplifaya ya valvu moja, kiini cha chuma cha transfoma huachiwa upenyo mwembamba kama karatasi, kisishibe usumaku.

Amplifaya hiyo isipigishwe muziki bila spika: volti hupanda ghafla, na cheche huweza kutoboa kihami cha waya.