Fedha ya Kuagana

Rabindranath Tagore, mshairi wa Kibengali, alituachia hadithi mbili za kuagana. Katika "Postamasta" (1891), mkuu wa posta ya kijijini aacha kazi arudi kwao. Ratan, yatima aliyempikia na kumuuguza, aomba wafuatane. Achekwa, kisha apewa mshahara. Aukataa. Katika "Kabuliwala" (1892), Rahmat, mchuuzi Mwafghani aliyeko Calcutta, ahifadhi karatasi yenye alama ya kiganja cha bintiye. Baba wa Kihindu, mwenye binti naye, ampa fedha arejee kwake.

Ile ni fedha ya kutupana, hii ya kukutana. Kina Rahmat wamo Kibera, wana wao wako mashambani. Kina Ratan hutoka Kawangware alfajiri kutumikia majumba ya Lavington. Ndugu msomaji, ukimuaga mtumishi wako, utampa fedha ipi?