Hesabu Tatu za Noeli



Mwezi wa 12 umefika, na wengi wetu tumeanza kulala vibaya. Baba anawaza nguo za watoto. Mama anawaza kuku, mafuta, mchele na wageni watakaokuja bila kusema. Watoto wanauliza kila siku, kwa sababu wamekwisha kuona viatu vya mtoto wa jirani. Na nyuma ya Noeli na Bonane, mwezi wa kwanza unatungoja mlangoni na minervali ya masomo, kodi ya nyumba na madeni. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Mwokozi imegeuka kuwa mzigo katika nyumba nyingi za Kolwezi, hata nyumba za waamini.

Mwezi huu pia watoto wetu wanatazama filimu za Noeli, kwa televizyo na kwa simu. Wengine huuliza: mwamini ana shughuli gani na filimu? Paulo aliwafundisha Wathesalonike kupima mambo yote na kubaki na yale mazuri. Katika filimu hizi kuna mambo ambayo Biblia haiyajui: malaika anayengoja kupewa mabawa, mizuka inayotembea usiku. Hayo tunayaacha. Lakini filimu tatu za zamani zinaonyesha wazi ugonjwa wetu wa mwezi wa 12, na katika kila moja kuna hesabu iliyofanywa vibaya.

Tusishangae. Noeli ya kwanza yenyewe ilikuja wakati wa hesabu. Luka anaandika katika sura ya 2 kwamba Kaisari Augusto alitaka watu wote waandikwe, na ndiyo sababu Yosefu na Maria walifika Betlehemu. Tuone basi hesabu zetu tatu.

1. Hesabu ya watu

Filimu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1990. Sisi tunaijua kwa jina la Kifaransa, Maman, j'ai raté l'avion. Ni jamaa kubwa ya Marekani, karibu na Chicago, wazazi na watoto na ndugu, watu 15 katika nyumba moja. Wote wanajitayarisha kwenda Paris kwa Noeli. Usiku umeme unakatika, saa ya kuwaamsha inazimika, wanachelewa. Sisi watu wa Kolwezi hatuhitaji kuelezwa umeme kukatika ni nini! Asubuhi wanakimbia huku na huku. Msichana mmoja anahesabu watoto upesi, na kwa haraka anamhesabu mtoto wa jirani. Hesabu inatimia, magari yanaondoka. Mama akiwa tayari ndani ya ndege juu ya bahari, ndipo anapokumbuka kwamba Kevin, mtoto wake wa miaka 8, amebaki nyumbani peke yake.

Watoto wetu wanacheka kwa sababu ya wezi wanaoanguka ovyo. Sisi wazazi tuangalie mama. Masanduku yote yalifika kwenye ndege, aliyesahauliwa ni mtoto. Na tuangalie usiku uliotangulia: kulikuwa na ugomvi mezani, Kevin alisemwa vibaya mbele ya wote, akapelekwa kulala juu peke yake. Kabla ya kusahauliwa asubuhi, alikuwa amesukumwa pembeni usiku.

Baba, mama, pika orodha ya vitu kwa utaratibu, lakini anza na orodha ya watu. Nani katika nyumba yako amenyamaza siku hizi? Kuna yatima wa ndugu yako anayelala kwako, na nguo mpya hazikumhesabu? Kuna bibi mzee anayeketi nyuma ya nyumba? Kuna mjane kwa kartie yenu?

Katika filimu hiyo kuna pia mzee jirani ambaye watoto wanamwogopa. Usiku wa Noeli Kevin anamkuta kanisani, na mzee anamweleza kwamba hajasemezana na mwana wake kwa miaka mingi. Mtoto anamshauri ampigie simu. Mwishoni tunaona mzee amepatana na mwana wake. Simu ile haikumgharimu kitu kikubwa. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anamwagiza mtu aache sadaka yake mbele ya mazabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Ugomvi unaobebwa mpaka siku ya sikukuu unachosha kuliko kazi yote ya jikoni.

2. Hesabu ya feza

Filimu ya pili ni ya mwaka wa 1946, ya mwongozaji Frank Capra. Kwa Kifaransa inaitwa La vie est belle. Usiichanganye na ile ya Papa Wemba ya mwaka wa 1987, yenye jina hilohilo. Hii ni habari ya George Bailey, mtu mwema anayeongoza nyumba ndogo ya kuweka na kukopa feza, iliyosaidia maskini wa mji wake kujenga nyumba. Siku ya tarehe 24 ya mwezi wa 12, mjomba wake anapoteza dola 8,000 za watu. Tajiri mbaya wa mji, Potter, ameziona na kuzificha.

George anarudi nyumbani akiwa na siri hiyo tumboni. Hasemi kitu kwa mke wake. Anawafokea watoto. Anamtukana mwalimu wa mtoto wake kwa simu. Kisha anatoka usiku, anakwenda kwa Potter kuomba msaada, na Potter anamcheka: ana karatasi ya bima ya maisha, basi akifa atakuwa na bei kuliko akiwa hai. George anakwenda kusimama juu ya daraja, akitazama maji.

Wapendwa, neno hilo la Potter shetani analinong'oneza kwa wanaume wengi wa Kolwezi mwezi huu. Linasema baba asiye na feza hana bei. Wazee wetu wanakumbuka siku za Gécamines, wakati unga ulipofika kwa posho na baba alijua mkono wake utashika nini mwisho wa mwezi. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka wa 1990, na kuanzia mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mara moja. Posho ilikwisha, lakini tulibaki na sikukuu ya ukubwa uleule. Na mwaka wa 2025, kuanzia mwezi wa pili mpaka mwezi wa kumi, serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya inchi. Wengi mnajua hilo lilifanya nini mfukoni.

Feza inapokosa, mwanamume anayeona haya huona njia mbili. Ya kwanza ni banki Lambert: unachukua dola 100 leo, mwezi ujao unarudisha 130 au 150, na usipoweza, televizyo inabebwa mbele ya watoto. Mithali 22 inatuonya kwamba mwenye kukopa anakuwa mtumwa wa aliyemkopesha. Njia ya pili ni kushuka shimoni usiku, katikati ya mvua, kutafuta feza ya mwisho kabla ya sikukuu. Mwezi huu ndio mvua kubwa, na udongo uliolowa hauna huruma. Tarehe 15 ya mwezi wa 11 mwaka wa 2025, daraja lilianguka katika mgodi wa Kalando, upande wa Mulondo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakubwa wa jimbo walikuwa wamekataza kuingia kwa sababu ya mvua. Bado tunalia pamoja na jamaa hizo. Hatuwahukumu waliokufa. Tunamwomba aliye hai: hakuna kuku wala kiatu cha Noeli chenye bei ya pumzi yako.

Basi George aliponaje? Potter hakurudisha zile feza, mpaka filimu inakwisha hazirudishi. George aliponywa kwa sababu Maria, mke wake, alipojua taabu yake hakunyamaza. Alizunguka mji akiwaambia watu kwamba mume wake yuko katika shida. Usiku uleule walifika, kila mmoja na kidogo chake, wakajaza meza. Siri ilimpeleka George darajani, na kusema kweli kulimrudisha nyumbani.

Kwa hiyo, baba, kaa na mama juma hili, kabla ya tarehe 20. Sema hesabu ya kweli: tuna kiasi hiki, tuna deni hili, mwezi wa kwanza unataka hiki. Toeni kwanza minervali na kodi, mziweke pembeni. Kitakachobaki ndicho sikukuu yenu. Kisha waiteni watoto na kuwaambia, kwa maneno ya watoto. Mtoto anayeambiwa kweli mapema anaweza kuhuzunika siku moja. Mtoto anayedanganywa mpaka asubuhi ya Noeli anakumbuka miaka mingi. Na wewe mama, baba akikufungulia moyo wake, usimlinganishe na mume wa jirani. Ukimcheka leo, mwaka ujao atakuficha.

3. Hesabu ya mshahara

Filimu ya tatu ilitoka Uingereza mwaka wa 1951, na Alastair Sim ndiye anayecheza Scrooge. Imetoka katika kitabu ambacho Charles Dickens alikitoa mwaka wa 1843. Dickens alijua deni kwa mwili wake: alipokuwa na miaka 12, baba yake alifungwa gerezani kwa sababu ya deni, na yeye mtoto akatumwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu.

Scrooge ni tajiri mchoyo. Karani wake, Bob Cratchit, anatetemeka kwa baridi kazini, na anapewa siku moja ya Noeli kwa manung'uniko. Nyumbani kwa Cratchit chakula ni kidogo na watoto ni wengi, lakini hakuna hata mmoja anayesema kwamba ni kidogo. Wanakula kwa furaha. Huo ni mfano kwetu tulio na kidogo.

Lakini hubiri lisiishie kwa maskini tu, kana kwamba taabu yote ya sikukuu ni kosa lake. Scrooge alipogeuka, alituma bata mzinga nyumbani kwa Cratchit, na kesho yake akampandisha mshahara. Toba yake ilionekana kwenye hesabu ya feza. Katika kanisa letu kuna mama mwenye kijana wa kazi, baba mwenye zamu anayelinda nyumba, mwenye duka, mwenye kununua madini kutoka kwa wachimbaji. Je, umelipa? Yakobo sura ya 5 inafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Lipa kabla ya tarehe 24, ili naye akanunue unga mchana, pamoja na mke wake, asikimbie usiku kwa banki Lambert. Usitoe sadaka kubwa ya Noeli kwa feza ya zamu wako.

Sadaka ya Yosefu

Sasa turudi Betlehemu. Torati, katika Walawi sura ya 12, ilitaka mama aliyezaa alete mwana-kondoo. Kama mkono wake haufiki kwa kondoo, alete ndege wawili. Soma Luka 2:24: Yosefu na Maria walileta ndege wawili, sadaka ya maskini. Mikononi mwao walikuwa na Mwana wa Mungu, na bado Yosefu hakukopa kondoo ili watu wa Yerusalemu wamheshimu. Alisimama hekaluni na hesabu yake ya kweli. Na siku ileile Simeoni na Ana walimwona mtoto, wakamsifu Mungu. Hakuna mahali Luka anaposema kwamba waliuliza bei ya sadaka.

Basi bukari na sombe juu ya meza, watu wote wa nyumba wamehesabiwa, hakuna deni jipya, hakuna mfanyakazi anayelia: hiyo ni Noeli kamili. Ikiwa kuna likelemba yenu, ongeeni sasa mweke zamu ya mwezi wa 12 mwaka ujao kwa ajili ya sikukuu, ili mwaka ujao usiwakute mikono mitupu.

Na wewe ndugu unayesoma karatasi hii ukiwa umesimama kwenye daraja lako, ukiwaza kwamba nyumba yako ingepumzika kama usingekuwapo, hilo ni neno la Potter. Usilale nalo usiku huu. Mwambie mke wako, ndugu yako, mzee wa kanisa au mchungaji. Mlango wetu ukiwa umefungwa, piga hodi mpaka ufunguliwe. Ukiona mwenzako amenyamaza kupita kawaida, wewe usimngoje aje. Mwendee.

Bwana aliyezaliwa katika zizi azibariki nyumba zenu, zenye vingi na zenye kidogo. Noeli njema na Bonane yenye amani. Amina.