Sindano, Kipandikizi na Koili: Uzazi wa Mpango Githurai 45

Githurai 45, mji uliopata jina lake kutokana na nambari ya matatu zinazouhudumia, umekaa mpakani mwa Kaunti za Kiambu na Nairobi kando ya barabara kuu ya Thika, na wengi miongoni mwa wanawake wake huishi kwa uchuuzi. Mwanamke asiyeweza kufunga kibanda chake nusu siku ili apange foleni kliniki huipima njia ya kupanga uzazi kwa muda inaodumu na kwa namna inavyobadilisha hedhi, kabla hajauliza kama ina homoni au haina.

Hata hivyo swali hilo la pili lina uzito. Homoni ni kemikali ambazo mwili hutumia kupeleka maagizo kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na vidonge, sindano ya miezi mitatu na kipandikizi, yaani kijiti laini kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, vyote huiga homoni za uzazi ili kuzuia yai lisipevuke au kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito kiasi cha kuzuia mbegu za kiume. Koili ya shaba haifanyi hivyo: huwekwa ndani ya mji wa mimba, ambako shaba yake hudhoofisha mbegu hizo zisilifikie yai, nayo mizunguko ya mwili huendelea kama kawaida.

Kwa upande wa uwezo wa kuzuia mimba, mpaka ulio muhimu zaidi haupiti kati ya homoni na zisizo homoni, bali kati ya njia zinazotegemea kumbukumbu na zisizoitegemea. Kati ya wanawake 100 wanaotumia koili au kipandikizi kwa mwaka mmoja, hata mmoja ni nadra kushika mimba, ilhali kwa sindano ni takribani 4, kwa vidonge 7 na kwa kondomu ya kiume 13, kwa sababu watu husahau tarehe, humeza kidonge kwa kuchelewa, au kondomu haitumiwi kila mara.

Tofauti inayohisiwa kila siku ni damu. Sindano na kipandikizi huvuruga hedhi, na baada ya sindano kadhaa wengi hukosa hedhi kabisa, jambo lisilo na madhara, japo huwatia hofu wasioelezwa mapema. Koili ya shaba, kinyume chake, huzidisha damu na maumivu, hasa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo haimfai sana mwenye upungufu mkubwa wa damu. Sindano ina kasoro nyingine: baada ya kuiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, ilhali koili ikitolewa hurudi mara moja.

Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani asilimia 20 ya wanawake walioolewa nchini Kenya walitumia sindano na asilimia 19 vipandikizi, huku koili ikiachwa nyuma sana. Uchache huo hauwezi kuelezwa kwa udhaifu wa koili, kwa maana ile ya shaba hudumu miaka 10 au zaidi. Pengine sababu ni uvumi kwamba husafiri hadi moyoni, na uhaba wa wahudumu wenye ujuzi wa kuiweka.

Utafiti wa ECHO, uliofanywa Kisumu na katika nchi za Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, uliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 7,829 kati ya sindano, kipandikizi na koili ya shaba, na matokeo yake ya Juni 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote matatu, maana hakuna hata njia moja kati ya hizo inayokinga maradhi. Kazi hiyo ni ya kondomu, ambayo inaweza kutumiwa pamoja nazo. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini au za virusi zenye efavirenzi amweleze mhudumu, kwani hupunguza nguvu ya kipandikizi.

Kipandikizi na koili hutolewa wakati wowote mwanamke atakapo, hata muda wake usipokwisha, na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinamhakikishia kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi.