Moyo wa Mtu wa Jua Kali: Sehemu ya Pili

Wiki jana tulieleza jinsi presha inavyouchosha moyo na mishipa ya damu hadi mtu akapata kiharusi. Leo tuwageukie mwanaboda wa Rongo, mama anayeanika omena Mbita na mchimba dhahabu wa Macalder. Hawa hawana mwajiri wa kuwagharamia vipimo, na siku wasipotoka hawali. Ukimtuma mtu huyu apange foleni asubuhi nzima kutafuta ugonjwa asiousikia mwilini, usishangae akikucheka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya Wakenya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja, ilhali karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo.

Ajabu ni kwamba kaunti wanakoishi hawa, Homa Bay na Migori, zilizoumizwa sana na UKIMWI, zimejaa watu wanaomeza dawa kila siku bila kusikia maumivu yoyote, na wanaojua vizuri maana ya wingi wa virusi kushuka. Lakini mwambie mmoja wao presha yake ni 160 kwa 100: atameza vidonge wiki mbili, kichwa kikitulia aseme amepona, vilivyobaki amgawie jirani. Simwiti mjinga. Habari za virusi alifundishwa miaka nenda miaka rudi; za presha aliandikiwa karatasi tu.

Mradi wa SEARCH, uliofanyika Uganda na magharibi mwa Kenya kuanzia 2013, ulipiga mahema vijijini na kupima VVU, presha na sukari kwa pamoja. Matokeo ya 2019 yalionyesha kuwa presha ilidhibitiwa vizuri zaidi pale tiba yake ilipoambatanishwa na ile ya VVU.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wana mikoba yenye mashine ya presha. Tatizo ni kwamba wanazunguka nyumba kwa nyumba, na mchana mwanaboda yuko steji. Kwa maoni yangu, mashine imfuate hukohuko, na ufukweni pia. Ila aliyetoka kuvuta nyavu asipimwe akihema: aketi dakika tano, aegemee, mkono uwe usawa wa moyo. Presha ikifika 140 juu au 90 chini, arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Na adai kuandikiwa namba zake. Jibu la “iko sawa” halitoshi.

Wiki ijayo: vidonge, na kwa nini haviachwi.