Historia Fupi ya Marehemu Bibi

Katika misiba mingi ya Kikristo nchini Tanzania, kabla ya jeneza kupelekwa kaburini, mmoja wa wanafamilia husimama na kusoma historia fupi ya marehemu. Mpangilio wake unafahamika: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi na vyeo, ndoa, ugonjwa, saa ya kufariki, kisha idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu. Mtumishi aliyestaafu husomewa kurasa mbili au tatu. Bibi aliyelima, akapika na kulea kwa zaidi ya miaka 60 husomewa aya moja.

Ufupi huo hautokani na upungufu wa mapenzi. Mpangilio wenyewe umejengwa juu ya ajira ya mshahara, na wajukuu wanaoandika usiku wa kuamkia mazishi hukosa pa kuyaweka maisha yasiyokuwa na cheti wala uhamisho.

Ugumu huanzia kwenye tarehe. Wanawake wengi waliozaliwa vijijini kabla ya uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka ulioandikwa kwenye kadi zao ni wa kukadiria. Umri hutafutwa kwa matukio. Je, alikuwa amevunja ungo vita vilipokwisha mwaka 1945? Alikuwa na mtoto mgongoni Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961? Kitindamimba alikuwa ameanza kutembea watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970? Majibu ya namna hiyo hutoa mwaka wa karibu, na hutoa pia masimulizi, ambayo yana thamani zaidi kuliko mwaka. Kuhama huko, kwa mfano, kwa mama mwenye nyumba kulikuwa kusimika mafiga upya, kutafuta kuni na maji mahali pageni, na kuacha nyuma miti ya matunda na makaburi ya wazazi.

Kwenye elimu huandikwa kwamba hakubahatika kusoma. Mara nyingi huo si ukweli wote. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na akina mama wengi walikwenda kisomo jioni baada ya shamba. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, vyoo vikachimbwa na mazingira yakasafishwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Bibi aliyekaa katika vikundi hivyo alisoma, ingawa hakuna cheti ukutani.

Sehemu nene kuliko zote ni kazi. Kilimanjaro, kahawa ya kihamba, yaani shamba la ukoo, iliuzwa kwenye chama cha ushirika kwa jina la mume, lakini majani ya ng'ombe, samadi ya migomba na safari za sokoni na mikungu ya ndizi vilikuwa vya mwanamke, na fedha ndogondogo za ndizi na maziwa ndizo zilizonunua chumvi, mafuta ya taa na madaftari. Pwani wengine walisuka mikeka ya ukili au kuamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza. Palikuwa na upatu pia, na mweka fedha wa upatu alikuwa mtu wa kuaminiwa na mtaa mzima. Hicho ni cheo, na kinastahili kusomwa.

Kisha kuna malezi ya mara ya pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata bibi wengi waliokwisha kulea waliwazika watoto wao na kuanza upya na wajukuu, wakati nguvu za jembe zimepungua. Kusema tu kwamba "ameacha wajukuu" kunalifunika jambo kubwa kabisa alilofanya.

Kwa Waislamu maziko hufanywa upesi, aghalabu siku hiyohiyo, na habari za marehemu huzungumzwa zaidi kwenye matanga na hitima. Waliomjua hasa, mashoga zake, wakwe, somo yake, huwa ndani na wanawake wenzao, huku wajukuu wa kiume wakikaa nje kwenye mikeka. Habari nyingi huwapita.

Ni bora zaidi kuzikusanya bibi akiwa hai, kwa simu inayorekodi sauti, akiwa anachambua mchele au kumenya ndizi. Akiulizwa maisha ya zamani yalikuwaje, atajibu kwamba yalikuwa mazuri, au magumu, na kunyamaza. Akiulizwa nani alimfundisha kupika, kanga za harusi yake zilikuwa na maneno gani, au pishi ya mchele iliuzwaje mwaka aliozaliwa kifunguamimba wake, atasimulia mpaka chakula kiive.