Kuzingirwa kwa Boma la Mahenge, 1905: Tuwaombee Marehemu Gani?

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Katika nchi yetu sala hiyo yawahusu pia waliokufa katika Vita vya Majimaji, na tukio la Mahenge latufundisha namna ya kuwaombea.

Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipochoshwa na kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa maji yenye dawa, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Agosti 14, njiani kuelekea Liwale, waliuawa Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili, wote Wabenediktini.

Agosti 30 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge. Ndani alikuwamo Luteni von Hassel, askari Waafrika wapatao 60, wenyeji mamia kadhaa waliokuwa upande wa serikali, na wamisionari. Bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha, ziliwaangusha washambuliaji safu kwa safu. Hata hivyo hawakuondoka. Waliendelea kulizingira boma kwa majuma kadhaa. Hatimaye, mwezi Septemba, Kapteni Nigmann alifika na kikosi chake kutoka Iringa, ng'ambo ya Bonde la Kilombero, akauvunja mzingiro.

Bila shaka waliokuwa ndani walimshukuru Mungu. Lakini kwa familia za nje ya ukuta, kikosi hicho hakikuleta wokovu. Baadaye majeshi ya serikali yalichoma vijiji, mashamba na maghala katika nchi ya kusini, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Serikali ya kikoloni ilikadiria vifo 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000.

Basi tuwaombee nani? Mfano tunaupata Songea, Februari 1906. Viongozi wa Wangoni walipohukumiwa kunyongwa, padre Mbenediktini aliingia kwao gerezani, na wengi wao wakabatizwa kabla ya kufa. Misheni ya Peramiho ilikuwa imechomwa katika vita hivyohivyo, lakini sakramenti hawakunyimwa.

Nasi tusiigawe sala yetu kwa ukuta wa boma. Tunapomtaja Askofu Spiss na wenzake katika Misa, tuwataje pia walioanguka mbele ya bombomu na watoto waliokufa kwa njaa. Wote ni marehemu wetu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.