Bi Kidude: Mpiga Msondo Aliyeitwa Malkia wa Taarab

Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa mchuuzi wa nazi. Mwaka aliozaliwa haujulikani kwa hakika. Mwenyewe alipoulizwa umri alijibu kwamba alizaliwa zama za rupia, na kwa kuwa rupia ilitumika Zanzibar hadi mwaka 1936, jibu hilo halimsaidii sana mtafiti. Wengi huchukua miaka ya 1910 kuwa makadirio, na alipofariki magazeti mengi yalimpa umri wa zaidi ya miaka 100.

Alikulia Unguja wakati taarab ilipokuwa inateremka kutoka baraza za wakubwa na kuingia mitaani. Muziki huo uliletwa kutoka Misri katika utawala wa Sultani Barghash, ukaimbwa kwa Kiarabu mbele ya mabwana. Aliyeupa Kiswahili na kuufanya mali ya watu wa kawaida ni Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyewahi kuchuuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Kidude alikuwa mmoja wa watoto waliosimama nje ya nyumba ya Siti usiku, wakisikiliza na kushika. Nyimbo kama Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe, alizoziimba hadi uzeeni, zilitoka katika hazina hiyo. Kijiti inahusu kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja na kuuawa huko, kisha sheria ikawaangukia wenyeji wake wa kike badala ya muuaji aliyekimbia. Mashabiki wengi wa ng'ambo waliufurahia wimbo huo bila kujua kwamba unasimulia mauaji.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi aliozwa kwa nguvu, akatoroka na kuvuka bahari hadi Tanganyika. Ndoa iliyofuata nayo haikumpa raha. Katika miaka ya 1930 alitembea bara miguu mitupu, akaimba na kundi la taarab lililozunguka miji ya mwambao na kufika hadi kwenye maziwa makuu. Kwa miaka kadhaa alikuwa Dar es Salaam, akiimba na kundi lililofuata mtindo wa Kimisri. Siku hizo huko Cairo waimbaji wakubwa walikuwa wanavutwa kwenye sinema. Umm Kulthum aliigiza filamu yake ya kwanza, Wedad, mwaka 1936, na ya mwisho mwaka 1947. Kwa mwanamke wa Unguja asiye na elimu ya shule wala mali, mlango wa namna hiyo haukuwepo. Kamera ilimfikia Kidude miaka mingi baadaye.

Katika miaka ya 1940 alirudi Unguja, akapata nyumba ndogo ya udongo, na hapo ndipo ilipoanza kazi iliyomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kazi hiyo haikuwa taarab. Alipika wanja, alipaka hina, alitoa dawa za miti shamba, na zaidi ya yote alikuwa kungwi, yaani somo wa wari katika unyago.

Unyago wa Unguja una asili yake kusini mwa bara. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya watumwa. Misafara ilishuka pwani kutoka pande za Ziwa Nyasa, na watu wa kusini wakapakiwa majahazini kwenda Unguja kulima na kuchuma karafuu katika mashamba ya Waarabu, mpaka mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga soko la watumwa la Zanzibar. Wanawake waliovushwa hawakuwa na mzigo mikononi, lakini walivuka na ngoma zao na namna zao za kumfunda msichana aliyevunja ungo. Vizazi vilipopita, mafunzo hayo yakaingia katika maisha ya mji hata kwa familia ambazo hazikuwa na ukoo wowote wa kusini. Kwa hiyo msomaji wa Somanga, Kilwa Masoko au Lindi, ambako mwali bado anachezwa, akisikia ngoma ya Bi Kidude anasikia kitu cha kwao kilichokwenda kisiwani na kurudi kikiwa kimevaa kanga ya Kiunguja.

Ndani ya unyago mwali hufundishwa usafi wa mwili, namna ya kujihifadhi akiwa hedhini, heshima kwa wakubwa, na mambo ya unyumba, yote kwa nyimbo, mafumbo na kucheza. Wanaume hawaingii, na yaliyosemwa ndani hayatoki nje. Chombo kinachotawala ni msondo, ngoma ndefu ya mti yenye ngozi upande mmoja. Bi Kidude aliufunga kiunoni kwa kanga, ukasimama kati ya miguu yake, akaupiga kwa viganja huku akiimba na kukata kiuno. Alifanya hivyo hata alipokuwa ajuza wa kutembea polepole. Msondo huo ulipopandishwa jukwaani mbele ya wanaume na wageni, wapo walionung'unika kwamba siri ya kike imeanikwa. Hoja yao ina uzito, ingawa jukwaani kilionekana kipande tu, na somo lenyewe lilibaki chumbani.

Umaarufu wa kimataifa ulimjia akiwa bibi. Kuanzia miaka ya 1980 alisafiri na vikundi vya taarab vya Zanzibar, akaimba Ulaya, Uarabuni na Japani. Albamu yake iitwayo Zanzibar ilitoka mwaka 1998. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza Unguja mwaka 2004, likamfanya kuwa sura yake, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Wageni wakamwita malkia wa taarab, jina lililotolewa kwa haraka. Taarab ya Unguja hupenda sauti laini, mwimbaji aliyetulia na kanzu ya kumeremeta. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa ya mkwaruzo na nguvu, sauti iliyozoea kushindana na ngoma uwanjani bila kipaza sauti, na sigara yake ilijulikana kama nyimbo zake. Hata alipoimba Kiarabu cha Misri, pumzi yake ilikuwa ya unyago.

Filamu iliyomtangaza zaidi ni As Old as My Tongue, iliyoongozwa na Andy Jones na kutoka mwaka 2006. Hakuigiza mtu mwingine humo. Alikuwa yeye mwenyewe, nyumbani, mitaani na safarini, akijua vizuri kamera iko wapi na mzaha gani utawachekesha watazamaji. Kusema kwamba hakuwa mwigizaji ni kusahau kwamba kungwi kazi yake ni kuigiza mbele ya wari mpaka waelewe. Fedha, hata hivyo, hazikufuata sifa. Mwaka 2012, alipokuwa dhaifu, zikavuma habari kwamba amehamishwa kutoka nyumbani kwake bila hiari, na ndugu wakabishana na marafiki juu ya nani anamtunza na nani anamtumia. Jones akarudi kuchunguza habari hizo katika filamu ya pili, I Shot Bi Kidude, iliyotoka mwaka 2015.

Bi Kidude hakuiona filamu hiyo ya pili. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013 huko Bububu, akazikwa siku iliyofuata Kitumba, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waliomzika. Hakuacha mtoto wa kumzaa. Anayetaka kumjua leo asianzie kwenye nyimbo za Kiarabu alizosifiwa ng'ambo. Aanze na zile zenye msondo.